Kwa Minza

Programu ya kuhesabu dagaa kwa mwangwi
imegoma tena, saa nne usiku, Nyegezi.
Mstari mwekundu: maktaba haikupatikana.
Maktaba ipi? Nimeshusha tatu,
bando la wiki limekwenda na maji,
na kila niipatayo inadai dada yake mkubwa.

Mashine hii ni ya Ng'wandu.
Linux aliyoichonga mwenyewe,
akang'oa alichoona hakina kazi,
akahamisha njia, akabadili majina,
kisha akapata uhamisho wa Bukoba
bila kuacha hata karatasi moja.
Holo anasema: futa yote, anza upya.
Kidole changu kilishafika kwenye kitufe.

Lakini mimi ni mtu wa Mabatini.
Baba alikuta jiwe katikati ya kiwanja,
kubwa kuliko nyumba aliyoiota.
Hakulipasua. Sebule yetu ina ukuta mmoja
ambao hakuna fundi aliyeujenga,
na kalenda tunaitundika kwingine.

Basi nikaacha kugombana. Nikafuata
alikopita, folda kwa folda,
hadi moja aliyoiita Minza;
mama yake, nadhani, sikuwahi kuuliza.
Humo ndimo zilimokuwa, zote, zimepangwa
kama ndoo za maji zilizofunikwa.

Nikaandika mstari mmoja tu:
ukikosa, tafuta kwa Minza.

Feni ikanguruma. Maneno yakamiminika.
Saa saba kasoro, grafu ya kwanza:
wingu la nukta, likipanda
toka tope la ghuba kuja juu.

Nimempigia Ng'wandu nimshukuru.
Hapatikani.