Picha Kumi na Moja za Opolot

Amuge amepiga simu mara ya tatu kutoka wodi ya wazazi.
"Nimeandika jina la mtoto, nimebofya,
nimekwenda kumgeuza mama wa kitanda cha nne,
nimerudi, kiduara bado kinazunguka.
Seva yako inakula nini huko?"

Sijui inakula nini. Ni saa saba usiku, Soroti imelala,
mwamba umeulalia mji kama ng'ombe aliyeshiba,
jenereta inakohoa nyuma ya stoo ya dawa.
Nasikiliza diski. Zinakwaruza
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani
katika mfuko uleule.

Kusoma ni haraka. Hilo ndilo lililonishangaza.
Ukiuliza, unajibiwa kabla hujafunga mdomo.
Kuandika ndiko kunakochechemea.

Ndipo nikaziona: picha kumi na moja.
Opolot alizipiga, usiku mmoja mmoja,
kabla hajahamishiwa Moroto.

Eti picha. Picha ya ukutani haidai kitu.
Hizi ni viapo:
diski imeapa mbele ya kila moja
kwamba haitafuta neno la jana
kabla ya kuliinua, kulibeba kando,
kulilaza mahali pake.
Ndipo la leo liingie.
Soma la zamani. Linakili. Andika jipya.
Na tena kwa picha ya pili, na ya tatu.
Nilihesabu nakala kwa vidole, vidole vikaisha,
na yote haya kwa kijisehemu kitupu
ambapo Amuge anataka kuandika:
msichana, kilo tatu na robo.

Simlaumu. Karatasi yake bado iko mlangoni, wino mwekundu:
MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI.
Mwaka ule paa lilipovuja
daftari la chanjo likawa uji,
wakapita nyumba kwa nyumba, Gweri hadi Katine,
wakisoma makovu ya sindano mikononi mwa watoto.
Aliyewahi kusoma makovu
hatupi kitu.

Lakini tatu zilikwishajaa.
Picha ikijaa hufa,
haipigi kelele, haiachi wosia.
Hesabu yangu ya vidole ilikuwa ya bure basi:
wadai walikuwa wanane,
na Opolot alilala miezi
akilindwa na maiti tatu.

Nilimwamsha. Sauti ilikuja vipande vipande.
"Futa," akasema. Kisha kimya. Kisha:
"Ile ya tarehe kumi na tisa iache."
"Ina nini?"
"Sijui. Iache tu."

Nikafuta. Kila moja iliniuliza kama nina hakika,
kila moja nikaidanganya.
Ya saba ilipoondoka diski zikanyamaza ghafla,
nikadhani nimeua kitu.

Simu. "Imeingia," alisema Amuge.
"Anaitwa Asekenye. Umefanya nini?"
Nikamwambia nimepunguza mzigo.
Akakata; kitanda cha nne kilikuwa kinaita.

Ile moja bado ipo.
Kila mtoto anayezaliwa kwenye wodi ile
huilipa tarehe kumi na tisa ushuru wake,
mdogo, haufiki kope kupepesa.
Amuge hausikii.
Mimi nausikia.