Simu Inayozunguka

Kisanduku kimepigiliwa ukutani nyuma ya ghala, Yorkton,
kati ya mikanda ya mashine za kuvuna
na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyeona haja ya kuibandua.
Kioo chake kina mistari miwili,
kila mstari herufi kumi na sita:
mizani kamili, angesema mtunzi wa mashairi.
Orest Hnatiuk, fundi, miaka ishirini na saba kazini,
anasema tu kwamba hazitoshi kueleza lolote.

Nje ni Oktoba, digrii nne chini ya sifuri.
Ngano ya mwisho bado iko shambani.

Maduka matatu, ukoo mmoja: Yorkton, Melville, Canora.
Kila duka lilizaliwa na 221 yake,
na fahali watatu zizi moja, mwisho wake unaujua.
Basi asubuhi nzima amezibatiza upya:
za Yorkton zianze na mbili, za Melville nne, za Canora sita.
Verna wa kaunta ya Canora amebandika kikaratasi juu ya kikokotoo.
"Nitakosea hadi Krismasi," amesema. "Nivumilie."

Hiyo ilikuwa kazi rahisi.

Kilichomleta ni malalamiko:
ikigonga saa kumi na mbili jioni, laini zote zinajaa
na hakuna anayezungumza.
Juzi mkulima wa upande wa Ebenezer alikatikiwa na mnyororo,
akapiga mara tisa,
akasikiliza mlio, mlio, mlio,
kisha akaendesha gari kilomita mia kwenda kwa washindani.

Orest anaingiza nywila. Anasoma, midomo ikicheza.
221, dawati la Lubomyr: saa kumi na mbili, peleka Melville.
421, dawati la Stefania: saa kumi na mbili, peleka Yorkton.
Kaka anampa dada. Dada anamrudishia kaka.
Simu moja inaingia, inatoka, inaingia tena,
kila safari ikimeza laini nyingine,
kila duka likiamini kwamba kule ng'ambo
taa inawaka na mtu ameshika kalamu.

Mashine haina kosa.
Imetii mabwana wawili kwa uaminifu.

"Dada yako anajua kwamba unamwelekezea?"
"Kwani hapokei?"
"Ungemwuliza."
Lubomyr anaitazama kalenda ya mwaka juzi.
"Tangu mazishi ya baba," anasema, "tunaandikiana kwa ankara."

Ipo menyu ya saa, ipo ya milio,
ipo ya nani aitwe fulani akikosekana,
ipo hata ya muziki wa kuwapoza wanaosubiri.
Ya hili haipo. Orest anaandika anachoweza, kikomo:
simu ivuke mara moja tu;
isipopokelewa, irudi ilikotoka
na ilie palepale mezani hadi mtu achoke.

Sasa kujaribu. Saa kumi na mbili na dakika tano.
"Ikilia usiinue. Iache ivuke."
Inalia mara nne. Inavuka.
Kwenye kipaza sauti wanaisikia ikilia Melville,
moja, mbili,
ya tatu inakatika katikati.
"Kindrachuk, Melville." Sauti ina mafua.

Orest anafungua kinywa aseme ni fundi, ni jaribio tu, samahani mama,
lakini Lubomyr amekwisha kuinama juu ya dawati,
viganja viwili mezani kama mtu anayesukuma gari.
"Stefa. Una mnyororo wa namba hamsini?"

Kimya. Droo inavutwa. Inasukumwa.
"Ninao miwili." Anapenga kamasi. "Nani anauliza, wewe au mteja?"

Orest anarudi ghalani kufunga kifuniko.
Skrubu moja imebingirika chini ya rafu; anaiacha.
Kwenye daftari la kazi anaandika: kikomo kimewekwa,
jaribio limepita, laini moja inatumika.
Anatazama saa, anangoja ili aandike ilipokatwa.
Kahawa ya Lubomyr inapoa juu ya kisanduku.
Bado inatumika.