Mkadi

Jumanne. Mvua ya Leicester hainyeshi, inaning'inia tu
kama nguo iliyosahauliwa kambani.
Nimekaa dirisha la tatu, vizazi na vifo
(ndiyo, dirisha ni moja, kalamu ni ile ile)
wakaingia watatu na kikapu cha mtoto:
baba na sare ya dereva wa treni,
mama ambaye usingizi wake ulikuwa bado uko hospitali,
na bibi mfupi, sari ya kijivu,
juu yake sweta la kiume lililotoboka kiwiko.

"Jina la mtoto?"
"Ketaki." Mama alilitamka polepole,
kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe.

Nikaandika. Kompyuta ikalipigia mstari mwekundu.

Ukutani tumebandika orodha, majina mia yapendwayo.
Siku zisizo na wateja nimeisoma mpaka chini.
Maya yumo, kila taifa linadhani ni lake.
Ketaki hayumo. Na jina lisilofikisha watoto watatu kwa mwaka
serikali hailitangazi,
hulifunika kinyota, kama kidonda.

Bibi akasoma beji kifuani pangu. Mwanaidi.
"Wewe mtu ya pwani?"
Kiswahili hicho! Kimeruka ngeli zote kama mtoto arukaye madimbwi.
"Mimi toka Jinja. Hii jina iko ya Sanskriti, zamani sana.
Iko ua. Jani yake msumeno, inakata mkono,
lakini harufu, ai! Nyoka nakuja lala chini yake."

Jani la msumeno.
Ua jeupe, refu, lililofichwa ndani ya ala yake.
Nikasema, "Bibi, hilo si mkadi?"
Na pale pale, kati ya mashine ya kadi na sanduku la tishu,
sanduku la nyanya yangu likafunguka:
kanga za doti, na katikati yake mkadi mkavu,
na kikuba alichokifunga kwa uzi wa cherehani
akanipachika kifuani asubuhi ya harusi ya shangazi.
Miaka thelathini sijalitamka neno hilo.
Hapa ningelitamka kwa nani?

Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye aliogopa.
Alisoma kuwa ua hili lina laana:
miungu wawili walibishania ukubwa mbele ya nguzo ya moto,
mmoja akadai amekifikia kilele,
nalo likamtolea ushahidi wa uongo.
Ndiyo maana Shiva halipokei madhabahuni pake.

Bibi akacheka, meno mawili ya dhahabu.
"Uongo moja! Mimi nasema ngapi kwa afisa ya Stansted?"
Kisha hakucheka tena.
Mwaka wa sabini na mbili alishuka ndegeni
amemshika mkono mdogo wake, umri miaka sita.
Afisa aliuliza jina, akasikiliza, akachoka,
akaandika Kitty.
Kitty shuleni. Kitty kiwanda cha soksi, miaka ishirini na tisa.
Kitty kwenye cheti kilichotoka dirisha hili hili,
Novemba iliyopita. Labda niliandika mimi. Sikumbuki,
na kutokukumbuka huko kulinikaa kooni.

"Cha kifo siwezi kukibadilisha, bibi."
"Nani naomba hiyo? Mimi naomba hii. Andika sawasawa."

Nikasoma kwa sauti, herufi sita, mara mbili.
Baba akatia sahihi. Bibi akalipia nakala tatu
kwa sarafu alizokuwa amezihesabu nyumbani,
akazitia chetini, chetini zikiwa bado na joto la mashine
— nakala, nasema, si sarafu —
ndani ya mfuko wa duka la samaki.

Walipotoka, mstari mwekundu ulikuwa bado upo.
Nikabonyeza: ongeza kwenye kamusi.

Nikaita namba ishirini na saba.
Akaja mwanamume peke yake, kofia mkononi.