Kwa Anayevuka Lubiriha

Fika Mpondwe mapema, usingoje jua la saa sita.
Ukikuta ni siku ya soko,
egesha gari nyuma ya maghala ya kahawa, tembea.
Kadi ya homa ya manjano iwe mfukoni, si kwenye buti.
Pesa badilisha kwa Kabugho, mwenye kiti cha buluu;
noti iliyochanika atakuonyesha mwenyewe kabla hujauliza.

Daraja usilipige picha.
Ukilimaliza, hamia kulia:
huku twashika kushoto, kule sivyo,
na malori ya mbao hayana subira.

Kisha rudisha saa yako nyuma, saa nzima.
Usiicheke.
Baba alipokata roho Bwera, saa moja jioni,
nilivuka kwa miguu kumwambia Masika, dada yangu.
Nilimkuta akimenya mihogo.
Mzee ameshakula? akaniuliza.
Nikatazama saa ya ukutani kwake:
saa moja haijagonga.
Nikasema, bado.

Risiti ya forodha usiitupe.
Wataiuliza ukirudi.