Aliishia Kwenye Riziki

Katwe, mwezi wa pili, jua limefanya kazi yake,
chumvi imeganda juu ya kidimbwi chetu
kama utando wa maziwa yaliyopoa.
Tuliivuna siku tisa, mimi na Ithungu,
yeye miundi imechanika, mimi mgongo:
magunia kumi na moja, na la kumi na mbili halikujaa.

Sasa sikieni nilichofanya, mimi mzee wa kanisa,
mimi ninayehesabu sadaka
na kutia sahihi daftarini kwa kalamu nyekundu.
Niliokota jiwe pale kwenye tuta,
jiwe la kawaida, ukubwa wa kichwa cha mbuzi,
nikalilaza chini ya gunia, nikalifukia kwa chumvi.
Ithungu alikuwa ameshika sindano na kamba ya katani.
Alilitazama gunia. Akanitazama mimi.
Akashona.

Mama Kavira alikuja na lori lake kutoka Kasindi,
akapima, akalipa, akamwachia mtoto andazi.
"Kwenu sifungui," alisema. "Kwenu ni nyumba ya Mungu."
Lori likapanda kilima likihema.

Tuna desturi, tangu usiku wa harusi:
hata tukiwa tumegombana, hata nikinuka jasho,
tunapiga magoti kando ya kitanda,
kiganja chake kikavu ndani ya changu kikavu,
tunasema Baba Yetu.
Usiku ule tulianza sawa. Jina lako, ufalme wako,
tukafika: utupe leo riziki yetu.
Akanyamaza.
Nikaendelea peke yangu maneno mawili, kama mtu
anayeshuka ngazi gizani akidhani bado kuna kidato,
kisha nami nikanyamaza.
Nje kiboko aling'oa nyasi za uani, kwaru, kwaru.
Hatukusema amina.

Usiku wa pili, pale pale.
Wa tatu, pale pale.
Mchana alinisongea ugali wa muhogo,
alinitengea maji ya kuoga yakiwa moto,
aliniita Baba Thembo kama siku zote.
Heri angenipigia kelele.
Kelele ningezijibu: ada ya Thembo, bati la jikoni,
mvua ya mwaka jana iliyotuyeyushia kila kitu,
na aya moja mbili, maana aya ninazijua.
Lakini utamjibu nini mtu aliyeacha kusali katikati ya sentensi?

Jumapili mhubiri akasema, ninyi ni chumvi ya dunia.
Jirani yetu Mbambu akanong'ona:
"Huyu hajasimama humo ndani akiwa na kidonda."
Benchi zima likacheka.
Mimi nilikuwa nimesimama humo.

Jumatatu nilichukua fedha ya gunia lile, yote,
maana sikujua jiwe peke yake lina bei gani,
nikapanda bodaboda mpaka Mpondwe, vumbi hadi kwenye meno.
Mama Kavira alikuwa ameshaliona.
Jiwe langu lilikuwa sokoni pale, chini ya meza yake,
limeegemeza mguu mfupi.
Maneno niliyoyapanga njiani yakatoka kinyumenyume.
Alihesabu fedha mara mbili.
"Msimu ujao nitafungua kila gunia."
Nikasema, fungua.
Jiwe hakunirudishia.

Nilifika nyumbani giza limeingia. Sukari hakuna,
na ya kununulia hakuna.
Ithungu akanimiminia chai kavu, akaonja yake, akakunja uso.
"Basi tia chumvi," akasema, "hiyo tunayo,"
akacheka mpaka akashika ubavu.
Mimi bado sikuweza.

Magoti. Kiganja. Jina lako, ufalme wako.
Kwenye riziki alivuta pumzi,
nikadhani ataishia tena.
Kisha polepole, kama anayelainisha uzi kabla ya kuutunga,
akasema: utusamehe deni zetu.
Miaka kumi na nne nimelisema neno hilo,
na usiku ule ndipo nilipolisikia, zetu,
kinywani mwake yeye
aliyeshona.