Chai ya Shimo la Tisa

Mfuko wa Bwana Lyatuu una fimbo kumi na nne,
mwavuli, taulo, ndizi mbivu mbili
na karatasi ya leo: SHINDANO LA HISANI, UTAFITI WA SARATANI.
Naubeba bega la kushoto. La kulia lina historia yake.

Sheria imeandikwa kwa kalamu nene pale mlangoni:
mpira ukiingia mchangani, elfu kumi,
ukizama mtaroni, ishirini,
ukipotea kabisa, hamsini, na bila kununa.
Kwa hiyo leo watu wanakosea huku wanacheka.
Daktari wa meno kagonga mjakaranda, kapigiwa makofi.
Mama Ndelilio wa benki kaupeleka wake hadi uani kwa masista,
katoa noti kabla hajaulizwa.

Kazi yangu siku zote ni kutafuta kilichopotea.
Najua majani yanavyolala mpira ukipita,
najua mtaro upi hurudisha na upi humeza.
Leo Bwana Lyatuu kaniambia, "Anaeli, usitafute sana."

Shimo la nne akaniuliza bila kunitazama,
anapangusa fimbo:
"Hivi hizi hela za utafiti, wanatafiti nini hasa?
Dawa si zipo? Si wanunue mashine?"
Nikasema, "Upepo unatoka Rau, mzee. Chukua namba saba."

Sikumwambia habari za yule binti.

Alikuja kwetu Uru mwaka ule baba alipoanza kusindikiza chakula:
tonge moja, mafunda matatu ya maji,
kisha mtori tu,
kisha mtori uliochujwa kwa kipande cha kanga,
kisha harufu ya mtori.
Binti ana daftari, ana buti za mvua,
ana kipimajoto kirefu kama cha kupimia maziwa kiwandani.
Akauliza mambo ya aibu, yaani ya kawaida.
Mnapikia wapi? Moshi hutokea wapi?
Mama akacheka: mji wenyewe unaitwa Moshi, utokee wapi?
Mbege, mara ngapi kwa juma? Meno haya yaling'oka lini?
Halafu akaomba baba amiminiwe chai kama alivyozoea,
na kikombe kilipokaribia mdomo akasema,
"Hapo hapo, baba, usinywe,"
akachovya.
Tukanyamaza wote, hata kuku.
Nyuzi sabini na moja. Akaandika.

Baba alikasirika hadi jioni.
"Chai ya mama yangu! Leo imekuwa shahidi dhidi yangu?"
Hakuiona kahawa ya mwaka ule ikiiva.

Binti alirudi mara moja, msiba ukiwa bado na viti.
Akapewa ndizi, akala, akasema kweli:
"Hatujui bado. Huenda chai. Huenda moshi.
Huenda vyote, au kitu tusichokiuliza."
Nilimpenda kwa lile neno *bado*.
Wengine wote walikuja na *mapenzi ya Mungu*
au na jina la jirani.
Kisha fungu lao likaisha, tukasikia,
na buti zile hazikupanda tena kile kilima.

Shimo la sita Bwana Lyatuu kapoteza mpira,
kalipa hamsini, kapiga picha na risiti.

Shimo la tisa kuna turubai, sambusa, chupa kubwa za chai.
Anajimiminia. Mvuke unaziba miwani yake.
Anainua.

"Subiri ipoe, mzee."

Ndipo akanitazama, mara ya kwanza tangu asubuhi,
miwani nyeupe kama ya kipofu.
"Kwa nini?"
"Hawajajua bado."

Akakiweka kikombe juu ya meza, akakizungusha kwa kidole,
akakiangalia kama mtu anayepima umbali.
Hakusema kitu. Nami sikuongeza.

Mfukoni mwangu mpira wake wa shimo la sita
umeshika joto la paja.
Niliuona mapema, chini ya jani kavu la mgomba,
unang'aa kama jino.
Sikutafuta sana.