Kimya cha Ibra

Mimi Ghaniya binti Seif, wa nyuma ya soko la Jumatano,
koo langu linajulikana.
Harusi isiyo na kigelegele changu
watu huuliza: kwani hapa pana msiba?

Leo nimekaa ukumbini, safu ya tatu,
na refa kaweka kidole mdomoni.
Kawaonya wote, kisha kanitazama mimi
(nadhani kaambiwa).
Kimya.

Wamezima na kiyoyozi.
Mwezi wa saba, Ibra, saa tisa alasiri,
nje jua linakaanga magari,
nao wamezima kiyoyozi
kwa sababu kinanguruma
na mpira una njuga tumboni.

Mwanangu Zuwena yuko kule chini, magoti kavishwa sponji,
macho yasiyoona yamezibwa kitambaa cheusi
ili yawe sawa na ya mwenzake aonaye ukungu.
Haki, wanasema. Nilicheka.
Kisha nikaacha kucheka.

Anapapasa sakafu:
kamba imelazwa chini ya utepe,
mstari wa kusomwa kwa kidole.
Huyu ndiye niliyemkataza kugusa kuta,
utachafua mikono, wageni wanakuja.
Kumbe ukuta ndio uliokuwa ukimwambia alipo.

Miaka kumi na moja, kila sherehe, nilimkalisha jikoni
karibu na birika la kahawa.
Kwa usalama wake, nilisema.
Ngoma ikipita nje aliijua kwa nyayo:
"Mama, yule wa mwisho anachechemea."
Nikamwambia nyamaza.

Sasa zamu yangu.

Mpira unakuja,
chri, chri, chri,
watu mia mbili tunavuja jasho kama mitungi.
Mtoto mchanga katolewa nje na babake.
Muhenna wa kiti cha magurudumu,
aliyeingia kwa mteremko wa zege la juzi
wenye alama ya kiatu cha fundi bado,
kakaza breki gurudumu lisije likalia.
Hata bangili zangu nimezivua,
zimo mkobani, nimezifunga leso.

Zuwena kasikia kabla sisi hatujaona.
Kajitupa ubavu, mwili mzima ukuta,
mpira ukampiga tumboni: bu!
Nikauma ncha ya shela.
Kasimama. Kagonga sakafu kwa kiganja, mara mbili.
Mwenzake kajibu, mara moja.
Lugha hiyo siijui, sikumfundisha mimi.
Akauvurumisha.

Njuga zikaenda,
zikaenda,
zikapita kati ya mikono sita
zikanyamaza wavuni.

Filimbi.

Refa mwenyewe kanigeukia, viganja wazi,
kama afunguliaye mbuzi zizini.
Ukumbi wote ukalipuka, miguu, makofi, Muhenna akipiga kiti chake,
nami nikafungua mdomo,
mimi, koo la Ibra,
hakikutoka kitu.
Pumzi tu, na chumvi.

Kelele zikapungua.
Zuwena kasimama palepale, kakinga sikio,
analipeleka huku, analipeleka kule.
Ananitafuta, na mimi sina sauti.

Nikafungua leso.
Vidole vilitetemeka, fundo halikutaka.
Nikazitoa bangili zote saba
nikazitikisa.

Akacheka, kitambaa bado machoni.
"Mama! Safu ya tatu.
Na umevua bangili."